Hata Usemi Wako Wakutambulisha

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumamosi usiku nilitazama Pygmalion, filamu ya Uingereza ya mwaka 1938, iliyotokana na tamthilia ya George Bernard Shaw. Ni kichekesho cha mapenzi kinachowasuta watu wa tabaka la juu, na nilicheka mno, mpaka nilipofika mahali kicheko kikanikatika.

Eliza anauza maua Covent Garden, London, usiku wa mvua. Profesa Higgins anamsikia akiongea tu, tayari keshamdharau. Anamfundisha matamshi ya wakubwa kwa miezi kadhaa, kisha anampeleka kwenye dhifa, na mtaalamu mmoja wa lugha anaapa kwamba binti huyu ana damu ya kifalme. Wakirudi nyumbani, Higgins na rafiki yake Kanali Pickering wanapongezana. Eliza kasimama palepale na gauni lake, hapewi hongera wala pole. Anamrushia profesa viatu vyake vya ndani.

Baadaye anamshukuru Pickering, na si kwa masomo. Anamshukuru kwa kuwa siku ile ya kwanza, angali muuza maua na nguo zake chakavu, alimwita "Miss Doolittle". Hapo ndipo alipoanza kujiheshimu.

Nikamkumbuka Petro uani kwa Kuhani Mkuu: "hata usemi wako wakutambulisha" (Mathayo 26:73). Lafudhi ya Galilaya ilimuumbua Yerusalemu. Wiki chache baadaye, siku ya Pentekoste, watu wanashangaa, "Hawa wote wasemao si Wagalilaya?" (Matendo 2:7). Maana yake lafudhi ilikuwa ileile! Roho alimjaza Petro, wala hakumnyoosha ulimi kwanza ili Yerusalemu wamkubali. Na siku ile waliongezeka watu wapata 3,000.

Wapendwa, katika jumuiya yetu yupo mama anayechanganya "r" na "l". Mwezi uliopita alisoma "Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu", akaendelea vizuri hadi "malisho ya majani mabichi", ikatoka "marisho". Watu wakatazamana. Mimi nami nilitabasamu, naye aliniona. Tangu siku hiyo Biblia ikimfikia, anampa wa pembeni yake.

Jana nilikwenda kwake kumwomba radhi. Alinimiminia chai, hakusema mengi. Nikamwomba Alhamisi atusomee Matendo 2, sura yote. Kanyamaza kidogo, akaniuliza kama miwani yake niliiona pale mezani.