Kabla hujauliza tochi ina lumeni ngapi, angalia riflekta

Ukiingia dukani ukasema unataka tochi kali, muuzaji atakutajia namba tu, wati kadhaa lumeni kadhaa, afu anaiwasha anaimulika ukutani umbali wa hatua mbili na biashara imeisha. Lile bakuli la kung'aa lililo ndani ya kichwa cha tochi, yaani riflekta, hakuna anayelitazama. Mimi naona hapo ndo pa kuanzia, maana lumeni zinakwambia mwanga wote ni kiasi gani, ila unaenda wapi hiyo ni kazi ya riflekta.

Umbo lake ni parabola, lile lile la dishi la TV hapo juu ya bati. Mawimbi ya satelaiti yanafika yamenyooka sambamba, dishi linayakusanya yote sehemu moja ambayo inaitwa fokasi, na ndo pale wanapofunga LNB, kile kichwa cha kupokea mawimbi. Tochi ni kazi hiyo hiyo kinyumenyume: taa inakaa kwenye fokasi, mwanga unagonga bakuli unatoka umenyooka. Na si elimu ya jana, Ibn al-Haytham miaka kama 1000 iliyopita aliandika risala nzima juu ya vioo vya parabola vya kukusanya jua mpaka kitu kiungue.

Sasa chukua riflekta mbili, zote mdomo wake milimita 40, moja ina kina cha milimita 40 na nyingine 20. Hiyo ndefu fokasi yake iko milimita 2.5 tu kutoka chini, fupi iko milimita 5. Kwenye ile ndefu LED (ile taa ndogo yenyewe) inakuwa imezama ndani kabisa, kwa iyo mwanga unaotoka bila kugusa bakuli, yaani ule wa pembeni, unatanuka kama digrii 56 hivi, na zaidi ya robo tatu ya mwanga wote unagonga bakuli kwanza. Kwenye fupi ule wa pembeni unatanuka mpaka digrii 106 na bakuli linapata kama theluthi tu, mwingine wote unajiendea. Ndo maana ukichukua ile tochi ya zamani ya bati, bakuli lake pana na fupi, ukatoa glopu ukaweka LED inayotazama mbele, doa la katikati linapata mwanga kidogo: glopu ilikuwa inatoa mwanga pande zote, LED inatoa mbele tu, na bakuli halikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Wengi wanadhani kina ndo kinapeleka mwanga mbali. Hapana. Kina kinaamua ukubwa wa doa na upana wa mwanga wa pembeni, ila umbali unategemea sana mdomo wa riflekta na ukali wa chipu yenyewe, kile kipande cha LED kinachotoa mwanga. Ukiongeza kipenyo cha mdomo mara mbili na chipu ile ile, ukali wa doa unapanda mara nne na umbali mara mbili. Hizo tochi ndogo za mfukoni zinazoandikwa kilomita kadhaa, angalia mdomo wake kwanza afu ujiulize. Na hata umbali uliopimwa kihalali kwa kipimo cha ANSI FL 1, kiwango cha Marekani cha kupimia tochi, unaishia pale mwanga unapobaki lux 0.25, yaani kama mbalamwezi tu, sura ya mtu huitambui.

Kingine ni LED kukaa mahali pake. Fokasi ikiwa milimita 2.5 kutoka chini, kusogea nusu milimita ni kitu kikubwa mno, unapata doa lenye giza katikati na pete ya mwanga kuizunguka. Ukiona hivyo kwenye tochi za bei nafuu mara nyingi ni ile washa, kidude bapa cha plastiki chenye tundu kati ya LED na riflekta, nene sana au nyembamba sana, na fundi mwenye subira anairekebisha bila kununua chochote. Riflekta yenye vipele vidogo vidogo yenyewe inalainisha pete hizo, unapoteza umbali kidogo ila mwanga unatulia machoni.

Kwa hiyo mlinzi wa shamba anayetaka kuona mwisho wa mpaka, mdomo mpana na riflekta laini. Kutembea njia ya mguu usiku, au kutafuta kitu chini ya gari, chukua fupi yenye mwanga mpana wa pembeni, au yenye vipele, maana doa kali dogo linakupofusha usione jiwe lililo pembeni ya mguu wako. Tochi za kuzumu, zile za kuvuta kichwa mbele na nyuma, hazina riflekta, zina lenzi, ukivuta mpaka mwisho unaona kabisa umbo la mraba la chipu ukutani, na hapo mwanga mwingi umebaki ndani ya kichwa.

Vumbi likiingia puliza tu, usifute na kitambaa. Ule mng'ao ni utando mwembamba sana wa alumini juu ya plastiki au chuma, ukishachubuka haurudi, na hakuna betri mpya itakayokurudishia lile doa.