Sura ya pili: jinsi nilivyoacha kupanga foleni ya majina

Rasimu ya kwanza ya mapitio ya kazi tangulizi katika tasnifu yangu ya uzamili ilikuwa na aya 19, na kila aya ilianza na jina la mtu. Fulani alichunguza hiki, fulani naye akachunguza kile. Msimamizi hakusahihisha chochote. Pembeni ya kila aya aliandika maneno mawili tu: "Kwa hiyo?"

Kilichokosekana ni swali. Mada yangu ilihusu matamshi ya maneno ya mkopo katika Kiswahili cha mafundi magari: breki, klachi, plagi, giaboksi. Malengo mahususi yalikuwa matatu, nikayageuza kuwa maswali: maneno hayo hubadilikaje yanapoingia, nini huamua mabadiliko, na nani hutamka umbo lipi? Kazi isiyogusa hata swali moja niliiweka kando, hata kama mwandishi wake ni gwiji. Katika kazi 60 nilizokuwa nimezirundika, zilibaki 27.

Kutafuta maandiko kwa Kiswahili kuna mtego, kwa sababu istilahi hazijatulia. Jambo lile lile huyu analiita utohoaji, yule utohozi, mwingine anasema ukopaji tu. Wapo wanaoandika isimujamii na wapo wanaoandika isimu jamii. Google Scholar haijui kwamba hayo ni mamoja. Nilitafuta kila umbo peke yake ndani ya alama za nukuu, kisha nikarudia kwa Kiingereza. Kila nilipopata makala nzuri niliifuata pande mbili: nyuma, kwa kupitia marejeleo yake, na mbele, kwa kufungua orodha ya waliomnukuu mwandishi. Majarida mawili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kiswahili na Kioo cha Lugha, yana matoleo yanayopatikana AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, na jarida la Swahili Forum husomwa bure mtandaoni. Usidhani tu kwamba kila toleo la zamani liko mtandaoni. Mengine ni ya kufuatwa rafuni.

Sasa jedwali. Nililitengeneza kwenye Excel, kazi moja mstari mmoja, safu saba: mwandishi na mwaka, swali lake, nadharia, data (imetoka wapi, kiasi gani), alichobaini, ukurasa, inanifaa nini. Kabla ya kujaza nilisoma ikisiri, hitimisho na sehemu ya mbinu, dakika 20 hivi, nione kama kazi inastahili kusomwa yote. Safu mbili ndizo watu huzipuuza. Ya kwanza ni ukurasa. Ukiacha kuuandika leo, mwezi wa tano utapekua kitabu kizima kutafuta sentensi moja, na pengine kitabu chenyewe kimesharudi maktaba. Ya pili ni data. Hiyo ndiyo iliyoniokoa, nami nilikaribia kuiacha kwa kuona ni mapambo.

Jambo lenyewe ni hili: jedwali hujazwa kwa mlalo lakini husomwa kwa wima. Ukisoma mstari kwa mstari utarudi kwenye foleni ya majina. Niliteremka na safu ya matokeo nikaona waandishi wamegawanyika kuhusu uchopekaji wa irabu, yaani kuingiza irabu kati ya konsonanti zilizofuatana: wengine wanauona kuwa kanuni, wengine wanasema si lazima. Nikateremka na safu ya data, sababu ikajitokeza. Aliyechota maneno kamusini na aliyesikiliza watu wakizungumza hawakuwa wakitazama kitu kimoja. Hata neno moja linatosha kuonyesha hivyo: kilabu na klabu yote yanatumika, na breki haijachopekwa irabu kati ya b na r.

Aya mpya ikaanza na hoja. Badala ya "A alichunguza maneno ya mkopo na kubaini kuwa irabu huchopekwa", niliandika: "Uchopekaji wa irabu kati ya konsonanti haujaafikiwa. A na C wanauona kuwa kanuni. B na D wanaonyesha maneno yanayobaki na konsonanti zilizoungana. Tofauti hiyo inafuata aina ya data." Majina yameingia katikati ya sentensi, yakiwa mashahidi. Aya 19 zikawa 11, na kila moja ilijibu "kwa hiyo?" kabla ya kuulizwa.

Chagua pia kitenzi kwa uangalifu. "Anadai" kwa Kiswahili kinabeba shaka, kana kwamba humwamini. "Anathibitisha" kinamkubalia kila kitu. Mara nyingi nilihitaji "anaeleza", "anapendekeza" au "anashikilia kuwa".

Kuhusu pengo la utafiti nina msimamo mkali kidogo. "Utafiti huu haujawahi kufanyika katika wilaya hii" si pengo, mpaka ueleze kwa nini wilaya hiyo inaweza kuleta jibu tofauti. Na "hakuna aliyewahi kuchunguza" ni kujitega, maana mtahini wa nje akiwa na nakala ya kazi moja tu, umekwisha. Mimi niliandika: "Katika kazi zilizopitiwa, data nyingi ni za kamusi, usemi wa mafundi wakiwa kazini haujarekodiwa." Sentensi hiyo ilitoka moja kwa moja kwenye safu ya nne, na ndiyo iliyobeba sura ya mbinu.

Tafsiri nayo ina hatari yake. Ukitafsiri aya ya Kiingereza na kuiingiza kwenye tasnifu ya Kiswahili, Turnitin, programu ya kukagua wizi wa maandishi, inaweza isione kitu, lakini umeiba. Nilipotafsiri maneno ya mtu niliandika chanzo, ukurasa na "tafsiri yangu" pale pale kwenye jedwali, kwa sababu baada ya wiki mbili huwezi kukumbuka sentensi ipi ni yako.

Marejeleo niliyaweka Zotero, programu ya kutunza marejeleo ambayo ni ya bure na hufanya kazi ndani ya Word. Tatizo ni kwamba mtindo wa APA ulinitolea "&" na "et al." mahali ambapo chuo kilitaka "na" na "na wenzake". Usirekebishe kwa mkono mapema, kwani programu ikijisasisha itarudisha ya kwake. Mwishoni kabisa nilitengeneza nakala ya faili, nikakata kiungo cha Zotero kwenye nakala hiyo ili marejeleo yawe maandishi ya kawaida, ndipo nikabadilisha maneno kwa kutafuta na kuweka mapya. Ile ya awali niliiacha bila kuigusa, na niliihitaji tena siku tatu baadaye.

Kisha nikachapisha orodha ya marejeleo, nikachukua penseli na kuteremka na sura ukurasa kwa ukurasa, nikiweka alama kila jina lilipotokea. Majina manne yalikuwa ndani ya sura lakini hayamo kwenye orodha. Mwandishi mmoja alikuwa na miaka miwili tofauti: mmoja wa chapa ya kwanza, mwingine wa chapa niliyoishika mkononi.