Coltrane anasoma kwa saksafoni
Jana usiku watu wa nyumbani walishalala, nikavaa iafoni nikaisikiliza A Love Supreme, albamu ya jazi ya John Coltrane, mwanzo hadi mwisho. Jamani, huu muziki!

Waliirekodi tarehe 9 Desemba 1964, studio ya Rudy Van Gelder kule New Jersey, Marekani. Wanne tu: Coltrane saksafoni, McCoy Tyner piano, Jimmy Garrison besi, Elvin Jones ngoma. Garrison anaanzisha noti nne za besi, na baadaye Coltrane anaziimba kwa mdomo wake, anarudia na kurudia kama mtu aliye kwenye dhikri.

Ila kilichonishika hasa ni sehemu ya nne, Psalm. Coltrane aliandika shairi la kumshukuru Mungu, likachapishwa kwenye jalada la santuri. Humu haimbi neno hata moja; saksafoni ndiyo inayolisoma, karibu neno kwa neno. Nililifungua shairi kwenye simu nikawa nalifuatisha kwa kidole. Mstari ukiisha, naye anavuta pumzi. Elvin huko nyuma ananguruma taratibu, wala hapigi mdundo wa kuchezeka. Machozi yalinitoka.

Mnaoujua muziki huu, niambieni nisikilize nini baada ya hii.