Siku Moja Maishani Mwangu: Muuguzi wa Kliniki ya Waliopandikizwa Figo

Wengi hudhani kwamba kazi yangu ni kuangalia mkojo na kreatinini, yaani taka ya damuni inayoonyesha figo inavyofanya kazi, ilhali sehemu kubwa yake ni kulinda moyo na mishipa ya damu, kwa kuwa maradhi hayo ni miongoni mwa sababu kuu zinazowaua watu ambao figo zao mpya zingali zinafanya kazi.

Saa moja asubuhi natoa damu. Wanaotumia takrolimasi, dawa ya kuuzuia mwili usiikatae figo, hufika kabla ya kumeza dozi ya asubuhi, ili tupime kiasi kilichobaki mwilini saa 12 baada ya dozi ya jioni. Saa mbili ni uzito, sukari na presha.

Saa tatu na nusu aliingia mzee mmoja, simu sikioni. Nilimwomba atulie dakika 5 bila kuzungumza. Hakumaliza hata moja. Mashine ikasoma 164 kwa 96.

“Sista, figo yangu haina neno. Moyo unawahusu nini?”

“Mzee wangu, dawa zinazouzuia mwili usiikatae figo ndizo pia zinazopandisha presha.” Nilimweleza kwamba takrolimasi na prednisoloni huweza kuleta hata kisukari kwa mtu ambaye hakuwa nacho, na kwamba presha yake tunaitaka iwe chini ya 130 kwa 80. Akajibu kwamba basi ataziacha. Nilirudia, kwa subira iliyokuwa ikiniishia, kwamba anayeziacha anaikaribisha hatari ya kuipoteza figo, na kwamba dozi hubadilishwa na daktari tu. Nilipouliza kama kuna dawa nyingine anayomeza, alikana mara mbili, kisha akatoa mfukoni ibuprofeni ya goti, dawa ambayo hupandisha presha na kuidhuru figo hiyohiyo anayojivunia! Tulipima upya akiwa ametulia: 152. Daktari akamwongezea amlodipini, dawa ya kushusha presha.

Baada ya hapo sikuitazama saa tena. Mgonjwa anayetumia siklosporini, dawa nyingine ya kuilinda figo isikataliwe, alikuwa ameandikiwa simvastatini ya kolesteroli kwingine, dawa mbili ambazo hazipaswi kutumiwa pamoja kwa sababu misuli inaweza kuharibika, nami nikahangaika na simu hadi miguu ikafa ganzi, mpaka daktari wetu alipompa dawa nyingine ya kolesteroli.

Nikifunga mafaili, mzee yule akarudi kuuliza mashine ya presha aifunge mkono upi nyumbani. Nilimwonyesha: ule usio na fistula, yaani mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji enzi za kusafishwa damu kwa mashine, asubuhi na jioni, na kila kipimo akiandike.