Siku moja maishani mwangu: pakiti iliyofika kabla haijatumwa

Kazi yangu ni saa. Siyo za mkononi wala za ukutani, ni saa zilizo ndani ya kompyuta, seva za majengo mawili ambazo zote zinatakiwa zikubaliane sasa hivi ni saa ngapi. Mtu akiona simu na laptop yake zinaonyesha dakika moja anajua mambo yako sawa, lakini ndani ya data senta dakika ni kitu kikubwa mno, hata sekunde ni kubwa, sisi tunahangaika na mikrosekunde, yani chukua sekunde moja uikate vipande milioni, kipande kimoja ndo hicho. Naipenda hii kazi kuliko ninavyoweza kueleza. Siku hii ninayoiandika ilikuwa ndefu ila nimeona niiweke yote kama ilivyokwenda.

Saa 12:30 asubuhi

Kabla sijatoka kitandani nafungua grafu kwenye simu. Kila saa ina mstari wake unaoonyesha imetofautiana kiasi gani na saa kuu, na asubuhi hii mistari yote imelala kwenye sifuri, inacheza nanosekunde 30, 40 hivi (nanosekunde elfu moja ndo mikrosekunde moja), safi kabisa. Kuna kimlima kimoja tu: saa 8 na dakika 17 usiku saa ya jengo la pili iliruka mpaka mikrosekunde 4, afu ndani ya dakika chache ikashuka yenyewe hadi sifuri. Nikaona imejirekebisha. Nikaenda kuoga.

Saa 2:00 asubuhi

Makabidhiano na kijana wa zamu ya usiku.

"Kaka, usiku shwari. Kuna kitu kiliruka saa nane na kitu ila chenyewe kikarudi, sikutaka kukuamsha."

"Kulikuwa na kazi yoyote chini?"

"Mafundi wa fiba walikuwepo, kuna uzi ulikuwa unapoteza mwanga. Walipomaliza link zote zikarudi kijani."

Nikamshukuru akaenda kulala, mi nikapanda juu ya paa kuangalia antena ya GPS, nafanya hivyo kila Jumatatu. Saa kuu yetu inachukua wakati kutoka kwenye setilaiti, na kila setilaiti ya GPS imebeba saa za atomi, ambazo kule juu zingekimbia mbele karibu mikrosekunde 38 kwa siku kuliko za huku chini kwa sababu ya mambo ya Einstein, mwendo na uvutano, ila hesabu hiyo imeshafidiwa kwenye mfumo. Hata kebo ya antena ina hesabu yake: yetu ni mita 60, ishara inakula kati ya nanosekunde 4 na 5 kwa kila mita, kwa hiyo tumeiambia saa kuu itoe karibu nanosekunde 250. Kebo haina maji, konekta zimekaza, setilaiti 11 zinaonekana. Nikashuka.

Saa 3:20 asubuhi

Hapa ndo siku ilipobadilika. Dada mmoja wa timu ya programu akanitumia logi, yani kumbukumbu za mitambo, juu yake kaandika tu "naomba unisaidie, hii naisomaje?"

Kati ya majengo yetu kuna fiba ya data ya mita 400, na kila mwisho kuna kigawa mwanga kinachopeleka nakala ya kila pakiti, yani kifurushi kidogo cha data, kwenye kadi inayoipiga muhuri wa wakati. Mwanga ndani ya kioo cha fiba unatumia nanosekunde 5 hivi kwa mita, kwa hiyo mita 400 ni mikrosekunde 2, na kwa miezi yote logi zimekuwa zikionyesha mikrosekunde 2, ukichoka kuangalia ukirudi kesho bado 2. Leo logi ilikuwa inasema pakiti imefika jengo la pili mikrosekunde 2 *kabla* haijatoka jengo la kwanza.

Nikasoma mara tatu. Haiwezekani pakiti ifike kabla haijatumwa, kwa hiyo kuna saa inayosema uongo, swali ni ipi, na mbona grafu zangu zote ziko sifuri?

Wa kwanza kulaumiwa ni kadi. Tukazibadilishana, ya huku ikaenda kule na ya kule ikaja huku, jibu likawa lile lile. Afu nikamwambia dada anipe pia pakiti zinazorudi, kutoka jengo la pili kuja la kwanza. Hizo zilikuwa zinaonyesha mikrosekunde 6.

Nikachukua karatasi. Kwenda kutoa 2, kurudi 6, jumla 4, nusu yake 2. Yani fiba bado ni ile ile ya mikrosekunde 2, haijanyooka wala kujikunja, kilichohama ni saa: ya jengo la pili iko nyuma kwa mikrosekunde 4. Na hiyo nne nilishaiona asubuhi nikiwa kitandani.

Saa 4:45 asubuhi

Hii sehemu nataka niieleze taratibu maana ndo roho ya kazi yenyewe.

Kompyuta haiwezi kuitazama saa ya kompyuta nyingine. Inachoweza ni kuuliza na kujibiwa, na swali na jibu vyote vinakula muda njiani. Marehemu David Mills, aliyebuni NTP, utaratibu wa kompyuta kulinganisha saa kupitia mtandao, RFC yake (waraka wa kiufundi) ya kwanza ikiwa ya mwaka 1985, alitumia mihuri minne: swali limetoka lini, limefika lini, jibu limetoka lini, limefika lini. Kutoka kwenye hiyo minne unapata vitu viwili, safari imechukua muda gani na saa zimetofautiana kiasi gani. PTP, utaratibu mwingine wa kazi hiyo hiyo tunaoutumia sisi, uliokuja mwaka 2002, nayo inategemea mihuri minne ya namna hiyo, ila mihuri inapigwa na kadi ya mtandao yenyewe, pale pakiti inapogusa waya, siyo na programu huko juu ambako pakiti inasubiri foleni, ndo maana NTP kwenye intaneti inakupa milisekunde na PTP kwenye mtandao uliotengenezwa vizuri inakupa nanosekunde.

Lakini zote mbili zina kitu kimoja zinachokiamini bila kukithibitisha: kwamba njia ya kwenda na njia ya kurudi zina urefu sawa. Zinapima mzunguko mzima afu zinagawa kwa mbili. Kama kwenda ni ndefu kuliko kurudi, nusu ya hiyo tofauti inaingia kwenye saa moja kwa moja, na hakuna pakiti yoyote utakayotuma kwenye njia hiyo hiyo ikakwambia, kwa sababu kila kipimo kinapita kwenye upotofu ule ule. Ukituma pakiti milioni ukatafuta wastani, unapata jibu lililokosewa kwa uhakika zaidi.

Sasa rudi kwenye kile kimlima cha usiku. Nilidhani saa iliruka ikajirekebisha. Ilikuwa kinyume. Saa ilikuwa sahihi kabla ya kimlima na ilikuwa sahihi pale kileleni, njia ndo ilibadilika ghafla, saa ikaambiwa "uko mbele mikrosekunde 4", ikaamini, ikajirudisha nyuma mpaka grafu ikasoma sifuri. Zile dakika chache nilizoziona kama kupona, ndo saa ilikuwa inapotea.

Nikafungua grafu nyingine ambayo hatukuwa tumeiwekea kengele, ile ya wastani wa safari ya pakiti za PTP, ambazo zina jozi yake ya nyuzi pembeni na fiba ya data, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Mpaka saa 8:17 usiku ilisoma mikrosekunde 2. Baada ya hapo 6. Wastani umepanda 4, maana yake mzunguko umeongezeka 8, na mikrosekunde 8 za mwanga ndani ya fiba ni mita 1,600. Usiku ule uzi mmoja ulikuwa umerefuka kilomita moja na zaidi ya nusu.

Saa 6:10 mchana

Katikati ya hayo tiketi ya kuomba msaada ikaingia, seva mpya iko mbele sekunde 37. Hii sikuhitaji hata kuinuka. Ikiwa 37 kamili ni mtu kasahau kwamba PTP inasafirisha TAI, wakati wa saa za atomi usio na sekunde za kuongezwa, na tangu 1 Januari 2017 TAI iko mbele ya UTC, wakati rasmi wa dunia, kwa sekunde 37. Ingekuwa 18 ningetafuta GPS, maana wakati wake uko mbele ya UTC kwa sekunde 18. Mstari mmoja kwenye mipangilio, dakika tano, imeisha.

Saa 8:00 mchana

Hesabu zangu zilikuwa zimekaa vizuri lakini hesabu siyo ushahidi, na mtandao hauwezi kujitolea ushahidi wenyewe. Jengo la pili halina antena. Kwa hiyo tukafanya ya kizamani, tukabeba saa kwa mikono.

Tuna kisanduku chenye saa ya atomi ya rubidiamu na betri yake, kinakaa kwenye toroli. Miaka ya 1960 saa za atomi zilikuwa zinapandishwa ndege kwenda kulinganishwa na saa za nchi nyingine, wazo ni lile lile, sisi tunavuka uwanja tu. Tukaifungamanisha na saa kuu kwenye jengo la kwanza, tukaichomoa, tukatembea polepole maana haipendi kutikiswa, dada wa programu akifungua milango mimi nikisukuma. Dakika 20 mpaka tumefika. Kwa dakika 20 saa ya aina hii inateleza kwa makumi machache ya nanosekunde kwa makadirio mabaya, na sisi tunatafuta 4,000.

Kisha osiloskopu, kifaa kinachochora umeme kwenye kioo. Kila saa inatoa pigo moja kila sekunde, umeme unapanda ghafla pale sekunde inapoanza. Waya wa njano kwenye rubidiamu, wa bluu kwenye saa ya jengo la pili. Kwenye kioo mstari wa njano ukapanda kama ukuta, ukabaki juu, halafu nafasi tupu, halafu wa bluu ukapanda. Nikaweka alama mbili: mikrosekunde 4.01. Tukakaa kimya pale tukiangalia, kila sekunde njano, nafasi, bluu, njano, nafasi, bluu, na pembeni yake kwenye skrini nyingine grafu ya saa ile ile ikiwa bado inasema sifuri.

"Kwa hiyo tangu usiku kila kitu cha huku kimeandikwa na hiyo nafasi ndani yake," dada akasema.

Ndiyo. Kila kitu.

Saa 10:15 jioni

Nikamtafuta fundi mkuu wa fiba, mzee ambaye amevuta kebo za majengo haya tangu hayajapakwa rangi. Nikamsalimia, shikamoo mzee, marahaba, nikamwonyesha picha ya osiloskopu na ile hesabu ya mita 1,600.

Akavaa miwani, akafungua daftari. "Uzi wa 7 ulikuwa umekufa. Nikauhamishia kwenye kebo ya akiba, ile inayozunguka nyuma ya jenereta. Wa 8 ulikuwa mzima, nikauacha." Akaniangalia. "Ni kebo ndefu, lakini mwanga ulifika vizuri, kijana. Nilipima."

Na alipima kweli, nguvu ya mwanga ilikuwa nzuri. Alifanya kazi yake kama inavyotakiwa, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nyuzi hizo mbili ni za saa na kwamba zinatakiwa zilingane. Hilo lilikuwa jukumu letu sisi tunaojua. Nikamweleza kwenda na kurudi, akaelewa kabla sijamaliza.

"Sasa unataka niurudishe ule mfupi? Umekufa."

"Hapana mzee. Naomba uhamishe na wa 8 upite huko huko nyuma."

Njia ndefu haiisumbui saa hata kidogo, ingekuwa kilomita 20 sawa tu, kinachoisumbua ni miguu miwili isiyolingana.

Saa 11:30 jioni

Tulipochomoa uzi wa 8, saa ya jengo la pili ikaendelea kwa fuwele yake ya kwatzi iliyo ndani ya kijioveni kidogo, joto halibadiliki humo, inaweza kujishikilia kwa muda bila kuharibika. Mzee akasafisha konekta, akachomeka, akapima. Grafu ya safari ikasoma mikrosekunde 10, na ile ya tofauti ikaonyesha kutoa 4. Safari hii nne ilikuwa ya kweli.

Hatukuirusha saa. Kuna programu kule zinazopima muda kati ya tukio na tukio, ukiirusha wanaona shimo. Tukaiacha iende haraka kidogo tu kuliko kawaida, nanosekunde 50 kwa kila sekunde, na kwa dakika moja na sekunde 20 ikawa imefika. Tukabeba tena rubidiamu, tukavuka uwanja giza likiingia. Njano na bluu zikapanda pamoja, ilibidi nikuze picha sana ndo nione nanosekunde 25 kati yao.

Saa 1:40 usiku

Maandishi. Logi za jengo la pili kuanzia saa 8:17 usiku mpaka jioni hatuzigusi, zinabaki kama zilivyoandikwa, ila nimeambatanisha maelezo kwamba saa ilikuwa nyuma kwa mikrosekunde 4, na kwamba zile dakika za mwanzo na ile dakika ya mwisho kosa lilikuwa linabadilika. Mwenye kupanga matukio yake atajua aongeze nini. Nimeweka kengele kwenye grafu ya safari, ikihama nanosekunde 200 ilie. Na mzee kaomba kibandiko, nimemchapia viwili vya njano: SAA, HAMISHA ZOTE MBILI AU USIHAMISHE.

Saa 2:00 usiku

Kijana wa usiku karudi. Nimemwonyesha kile kimlima, nimemwonyesha picha ya osiloskopu, tumepitia karatasi pamoja mpaka akaichora mwenyewe.

"Kwa hiyo kaka, ikiruka tena afu ikarudi sifuri yenyewe?"

"Hapo ndo unipigie."