Siku moja maishani mwangu: kazi ya kudai majibu

Saa 12:30 asubuhi

Simu ya kwanza inanikuta kwenye daladala, Buhongwa kuelekea mjini, nimebanwa kati ya ndoo ya dagaa na mwanafunzi mwenye begi kubwa kuliko yeye. Ni mwalimu mstaafu, anaidai halmashauri malimbikizo ya mshahara.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hawa watu wamejibu?"

Hawajajibu. Namwambia leo nakwenda huko mwenyewe. Anashukuru, kisha anauliza kama nimekunywa chai.

Mimi ni afisa uchunguzi wa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, hapa Mwanza. Konda wa njia hii anaamini nipo TAKUKURU, kwa watu wa kupambana na rushwa, mama mwenye nyumba wangu anaamini mimi ni hakimu wa namna fulani, na nimeshaacha kuwasahihisha. Kazi yenyewe ni hii: mwananchi akionewa, akizungushwa au akipuuzwa na ofisi ya umma, anakuja kwetu, nasi tunaiuliza ile ofisi kwa nini. Halipi hata senti, wala hahitaji wakili. Tanzania ilianza mapema kuliko nchi nyingine zote za Afrika: Tume ya Kudumu ya Uchunguzi iliingia kazini mwaka 1966, enzi za Mwalimu Nyerere. Tume ya sasa ilirithi kazi hiyo mwaka 2001, ikaongezewa na mzigo wa haki za binadamu.

Saa 1:30

Benchi la mapokezi limeshajaa. "Mwangaluka," ananisalimu bibi mmoja, naitikia kwa Kisukuma hichohicho kidogo nilicho nacho, kisha tunahamia Kiswahili kabla hajagundua kwamba akiba yangu imeisha.

Wa kwanza ni kijana, dereva wa kampuni binafsi, amefukuzwa kazi kwa simu bila barua. Huyu si wetu. Namwandikia kwenye karatasi jina la Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na chini yake naandika siku 30 kwa tarakimu kubwa, maana ndizo alizo nazo za kulalamikia kuachishwa kazi, na wengi huzimaliza wakizunguka kwenye ofisi kama yetu. Wa pili ana mgogoro wa mpaka wa shamba ambao tayari uko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Shauri likishafika mahakamani au barazani, sheria inatufunga mikono.

"Sasa ninyi kazi yenu nini?" anauliza.

Swali la haki kabisa. Namweleza, anaondoka bila kuaga.

Wa tatu ni mama aliyetoka upande wa Sengerema. Zamani angelala mjini ili asikose zamu, lakini tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, anaondoka alfajiri na kurudi kwake mchana. Mumewe alikuwa mtumishi wa umma, amefariki, naye anafuatilia mafao ya mirathi. Anafungua bahasha ya kaki na kupanga karatasi mezani moja moja: cheti cha ndoa, cheti cha kifo, barua ya Mahakama ya Mwanzo ya kumteua msimamizi wa mirathi. Barua ya ajira inasema Joseph. Cheti cha ndoa, kilichoandikwa parokiani miaka hiyo, kinasema Yosefu.

Kikwazo chenyewe ni kidogo, kiapo cha majina kinatosha kukiondoa. Lakini hakuna aliyemwambia! Kila akienda anaambiwa "njoo wiki ijayo". Ana barua tatu alizowaandikia, zote zina muhuri wa IMEPOKELEWA na tarehe, basi. Naandika lalamiko lake, namsomea, anaweka dole gumba. Kwenye kipengele cha "nini kilalamikiwacho" sikuandika kwamba amenyimwa mafao, kwa sababu hajanyimwa. Nimeandika kwamba ofisi imeshindwa kumjibu kwa maandishi. Wenzangu wengine huliona hilo dogo. Mimi naliona ndilo kosa lenyewe, maana aliyekataliwa anaweza kukata rufaa, lakini aliyenyamaziwa atakata rufaa dhidi ya nini?

Saa 3:30

Barua. Hapa ndipo kazi yangu ilipo, ingawa hakuna anayeweza kuipiga picha akaiweka mtandaoni.

Lalamiko likishasajiliwa na kufunguliwa jalada, tunamwandikia mlalamikiwa, yaani ofisi husika, tukitaka maelezo. Asipojibu, tunamkumbusha. Akizidi kukaa kimya, Tume ina mamlaka ya kutoa hati ya wito, na mtu analetwa pamoja na nyaraka zake. Wito hautumiki mara kwa mara. Mara nyingi inatosha mkuu wa ofisi kujua kwamba unaweza kutumika.

Majibu ya leo yako manne. Moja ni zuri sana, lina viambatisho na limekiri kuchelewa. Mawili ni ya kujitetea, ila yana tarehe na takwimu, kwa hiyo yana pa kushika. La nne lina sentensi moja: "Suala linashughulikiwa." Na nani? Tangu lini? Mpaka lini? Naandika maswali hayo matatu kwenye barua ya kujibu, na neno la heshima mwanzoni na mwishoni.

Saa 5:00

Safari. Jina la wilaya silitaji. Dereva wetu kazaliwa Mara, na tukishika barabara ya Musoma hapiti bila kutaja Nyamuma.

Wanaofanya kazi hii wote wanaijua habari hiyo. Oktoba 2001 wakazi wa Nyamuma, wilayani Serengeti, waliondolewa kwa nguvu na nyumba zao zikachomwa moto. Walalamikaji 135 walifika Tume kupitia Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Tume ikachunguza, ikaona wameonewa, ikapendekeza walipwe fidia. Serikali ikayakataa mapendekezo hayo, na mvutano ukaenda mahakamani hadi Mahakama ya Rufani.

"Sasa mnapendekeza ili iweje?" dereva anauliza kila safari.

Nami namjibu vilevile kila safari. Sisi hatutoi hukumu, tunapendekeza. Aliyepewa mapendekezo ana muda usiozidi miezi 3 wa kueleza amefanya nini, na asipofanya kitu Tume inaweza kwenda mahakamani. Anatikisa kichwa. Nikiri kwamba hoja yake ina uzito, na laiti ningepewa nafasi ya kurekebisha jambo moja ningeanzia hapo: kila pendekezo lililopuuzwa litangazwe, na jina la ofisi iliyopuuza.

Saa 6:15 mchana

Halmashauri. "Karibu kiongozi," anasema afisa utumishi, kijana mpole, suruali imenyooka vizuri. Tunaongea habari za mvua. Kisha nauliza kuhusu mwalimu wangu.

"Suala linashughulikiwa."

"Sawa kabisa. Naomba nilione jalada."

Hapo maongezi hubadilika, kwa sababu jalada halina adabu za maongezi. Dada wa masjala, chumba cha kutunzia majalada, analitafuta kwa dakika kadhaa, analipata chini ya rundo lenye lebo ya idara nyingine. Mwalimu alipandishwa daraja miaka mingi kabla ya kustaafu. Barua ya kupanda ipo, lakini mshahara mpya ulichelewa kuingizwa, ndiyo sababu anadai malimbikizo. Nafungua ukurasa hadi ukurasa. Folio ya mwisho, yaani karatasi ya mwisho yenye namba ndani ya jalada, ni barua yetu wenyewe. Pembeni yake mkurugenzi ameandika "Tafadhali shughulikia". Chini yake, kwa mwandiko mwingine, "Tuongee". Baada ya hapo ni karatasi nyeupe.

Aliyeandika "Tuongee" alihamishiwa mkoa mwingine. Madai hayakuwahi kujazwa kwenye fomu, wala kupelekwa kuhakikiwa. Kwa hiyo mwalimu amekuwa akiulizia hatua ya mwisho ya kitu ambacho hakijaanza.

Nimeshaona ya namna hii mara nyingi kiasi kwamba siku hizi swali langu la kwanza masjala ni nani alishika jalada kwa mara ya mwisho na yuko wapi sasa. Sijawahi kuona shetani kwenye folio. Ninachoona ni uhamisho, likizo ya uzazi, mtu aliyestaafu na kuondoka na ufunguo wa kabati. Hilo halimpunguzii mwalimu shida hata kidogo, ila linabadilisha unachokidai: ukija na hasira utapewa pole, ukija na namba ya folio utapewa kazi ifanywe. Kijana wa utumishi anakaa chini, anajaza fomu mbele yangu, anaambatisha hati za mshahara, napewa nakala yenye muhuri na tarehe ya leo.

Nampigia mwalimu nikiwa kwenye korido. Anasikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza nani amejaza. Namtajia jina.

"Huyo nilimfundisha darasa la nne," anasema. "Mwandiko wake ulikuwa mbaya. Hebu hakikisha tarakimu zinasomeka."

Narudi ndani kuhakikisha. Tarakimu zinasomeka.

Saa 8:00

Ugali, sato wa kuchemsha, na soda. Dereva anakula mara mbili yangu.

Saa 8:45

Kituo cha polisi, hicho nacho jina naliacha. Tume inaruhusiwa kukagua magereza na mahabusu, na hapa hakuna aliyelalamika. Tumekuja kuangalia tu. Malalamiko hutoka kwa mwenye simu, nauli au ndugu wa mjini. Aliye ndani ya mahabusu hana hivyo vyote, kwa hiyo ukisubiri alalamike utasubiri sana.

Mkuu wa kituo anatupokea vizuri. Ukutani kuna bango linalosema dhamana ni bure. Naomba rejista ya mahabusu kwanza, kabla ya kuona vyumba. Safu ya tarehe imejazwa kwa mwandiko safi. Safu ya saa ya kuingia ina mapengo. Pengo hilo si la ukarani tu: sheria inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kama hujui aliingia saa ngapi, saa 24 unazihesabu kuanzia wapi?

"Afande, huyu aliingia saa ngapi?"

"Jana."

"Jana saa ngapi?"

Anamwita askari wa zamu. Askari wa zamu anasema mtu huyo aliingia kabla yeye hajashika zamu.

Ndani ya chumba cha wanaume naongea na kila mmoja akiwa peke yake, mlango umesogezwa. Choo ni ndoo. Mmoja ana miaka 17, kwa hiyo kisheria ni mtoto na hapaswi kuchanganywa na watu wazima. Namwambia mkuu wa kituo. Habishi. Kijana anahamishiwa chumba cha dawati la jinsia na watoto, na shangazi yake anapigiwa simu aje kumdhamini. Mkuu wa kituo naye ana lake la kusema: gari la kupeleka mahabusu mahakamani halina mafuta mara kwa mara, na ameshaliandikia barua suala hilo. Namuuliza kama amejibiwa. Tunacheka wote wawili, ila naomba nakala ya barua hiyo, na itaingia kwenye taarifa yangu pamoja na ile ndoo na mapengo ya saa.

Saa 11:10 jioni

Ofisi ilishafungwa tangu saa 9:30, lakini bosi wangu yupo, kama kawaida yake. Naandika rasimu ya barua kwenda kwa wakubwa wa kituo kile na kumpelekea. Anaisoma akiwa amesimama, anaomba kalamu.

"Hapa umeandika 'haraka iwezekanavyo'. Hiyo ni lini?"

"Ndiyo wanavyoandika wote, mkuu."

"Ndiyo maana hawajibiwi."

Anakata maneno hayo. Naketi tena kwenye kompyuta, naandika siku 14 na tarehe ya mwisho, natoa nakala mbili na kuziweka kwenye trei ya barua zinazotoka. Kesho ni boti ya Ukerewe, kuna kituo cha afya ambacho wananchi wanasema dawa zinafika Jumatatu na kuisha Jumanne, nami nataka kuiona leja ya stoo.