Kuondoka peke yako na baiskeli: boksi, spoki na siku za kwanza ugenini

Wanaosafiri kwa baiskeli kikundi hugawana uzito na hugawana ujuzi: mmoja kabeba pampu, mwingine hema, wa tatu ndiye anayejua kunyoosha rimu. Ukienda peke yako mambo yote hayo ni yako. Ndiyo maana kipimo cha maandalizi kwa maoni yangu ni kimoja tu: kila kilichofungwa kwenye baiskeli uwe unaweza kukifungua na kukirudisha mwenyewe, kwa vifaa ulivyobeba, hata ukiwa umechoka na giza linaingia. Kisichopita hapo, jifunze kukitengeneza au kibadilishe kabla hujakata tiketi.

Mtihani wa kwanza ni boksi la ndege. Baiskeli mpya hufika madukani ndani ya maboksi ya kadibodi, na mengi hutupwa, kwa hiyo ukiomba mapema mara nyingi utapewa bure. Anza na pedali. Ya kulia ina nyuzi (mistari ya skrubu) za kawaida, ya kushoto ina nyuzi za kinyume, na hapa ndipo watu huharibu krenki (mkono unaobeba pedali) kwa kukaza wakidhani wanalegeza. Shika hivi: weka spana (ya milimita 15, au ya pembe sita ya milimita 8 au 6) ikiwa imesimama juu ya pedali, halafu ivute kuelekea gurudumu la nyuma. Pande zote mbili hulegea hivyo. Ukiisukuma kuelekea gurudumu la mbele, unakaza. Wakati wa kuzirudisha paka grisi kwenye nyuzi na uanze kwa vidole. Pedali ikigoma kuingia kwa vidole, imekaa mshazari, na spana hapo italeta hasara tu.

Zungusha tepu kwenye bomba la siti pale linapoingia kwenye fremu kabla ya kulishusha, maana goti huitambua tofauti ndogo sana ya kimo. Kihamisha gia cha nyuma kifungue kwenye fremu, kwa kawaida kwa spana ya pembe sita ya milimita 5, ukifunge kitambaa na kukilaza ndani ya pembetatu ya nyuma. Kikiachwa kimechomoza, kipande cha alumini kinachokishikilia hupinda boksi likilazwa upande huo. Kupinda kidogo tu kunatosha gia ziruke, na ukiingiza gia nyepesi zaidi mnyororo unaweza kudumbukia kwenye spoki. Kipande hicho hutofautiana kati ya fremu na fremu na ugenini huenda usikipate kabisa. Beba cha akiba. Kina uzito wa gramu chache tu, na mimi nakihesabu kuwa spea ya kwanza katika orodha nzima.

Ukitoa gurudumu la mbele, weka kizuizi cha plastiki kati ya miguu ya foko isije ikakandamizwa na mizigo mingine. Breki zikiwa za diski na za mafuta, ingiza kipande kingine kati ya pedi. Mkono wa breki ukibanwa bila diski kuwepo, pistoni husogea, pedi hugusana, na ukifika gurudumu halitaingia. Tairi zipunguze upepo lakini usizimalize kabisa, ili rimu isigonge moja kwa moja. Vizuizi hivyo duka lililokupa boksi huwa navyo pia.

Mashirika mengi huweka kikomo cha kilo 23 kwa boksi, hivyo lipime nyumbani. Pawabenki haisafiri kwenye mizigo ya chini, inakaa na wewe kwenye kabini, na kikomo cha kawaida ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri). Ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni Wh 74, hiyo inapita. Mtungi wa gesi ya jiko haupandi ndege kabisa. Utaununua unakofika, kwa hiyo chagua jiko kulingana na mafuta yanayopatikana huko.

Ukiunganisha baiskeli upya, tahadhari kubwa ni usukani. Kwenye usukani usio na nyuzi, yaani ule unaobana bomba la foko kwa nje kwa bolti za pembeni, mpangilio ni huu: kaza kwanza skrubu ya juu kiasi cha kuondoa mtikisiko, nyoosha usukani na gurudumu, halafu ndipo ukaze bolti za pembeni. Ukianza na za pembeni, ile ya juu haitafanya kazi yoyote. Kisha bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku vidole viko kwenye shingo ya usukani. Ukisikia kugonga, bado imelegea.

Sasa spoki, ambazo ndizo huwakwamisha wengi wenye mzigo. Huvunjika zaidi gurudumu la nyuma, upande wa gia. Huko uzito ni mkubwa, na kwa sababu gia zimechukua nafasi, spoki za upande huo zimesimama wima zaidi na zimekazwa kuliko za upande wa pili. Hata hivyo kinachozivunja hasa si kukazwa, ni kulegea: spoki isiyo na mkazo wa kutosha hulegea na kuvutika kila gurudumu linapozunguka, mpaka chuma kinachoka pale kwenye kona, karibu na habu (kitovu cha gurudumu). Kwa hiyo mpelekee fundi gurudumu kabla ya safari alinganishe mkazo wa spoki zote, na akupe mbili au tatu za akiba kwa kila urefu unaotumika. Ya upande wa gia haiingii bila kutoa kaseti (rundo la gia za nyuma), basi ulizia kifaa kidogo cha kufungulia kaseti.

Ikikukatikia njiani na huna la kufanya, izungushie spoki ya jirani isije ikanasa. Rimu itakuwa imevutwa upande wa pili. Legeza nusu mzunguko spoki mbili za upande huo wa pili zilizo karibu zaidi na pengo, na rimu itarudi kiasi cha kutogusa breki au fremu. Kwa mwendo wa taratibu utafika kwa fundi.

Spea nyingine nizipitie haraka. Viungo viwili vya kuungia mnyororo vinavyolingana na idadi ya gia zako, waya mmoja wa gia, pedi za breki jozi mbili, tyubu mbili, viraka, na bolti kadhaa za M5 (unene wa milimita 5), kwa sababu za keria hulegea kwa mtikisiko. Solusheni beba tyubu ndogo mbili ambazo hazijafunguliwa, kwani ikishafunguliwa hukauka yenyewe. Soma namba ya tairi ubavuni, mfano 47-622. Namba ya pili ndiyo inayoamua tairi gani litaingia kwenye rimu yako.

Kwa mara ya kwanza chagua njia inayokusamehe. Mto Danube kati ya Passau, Ujerumani, na Vienna, Austria, ni mfano mzuri: zaidi ya kilomita 300, unashuka na mto, njia imewekewa alama, na treni haiko mbali ukishindwa. Siku ya kwanza usizidi kilomita 40 au 50, hata mwili ukikuambia unaweza. Goti likiuma mbele, mara nyingi siti iko chini. Likiuma nyuma, iko juu. Sogeza milimita 3 hadi 5 tu kwa wakati mmoja. Vidole vikifa ganzi, mishipa ya kiganja inabanwa, kwa hiyo inua usukani au badili mshiko mara kwa mara.

Upweke una hatari moja mahususi: hakuna atakayegundua kwamba hujafika. Mwachie mtu mmoja ramani ya njia yako, na mkubaliane saa ya ujumbe wa jioni pamoja na atakachofanya usipoingia. Asubiri mpaka lini, ampigie nani, aseme ulikuwa wapi mara ya mwisho. Bila makubaliano hayo atasita akidhani betri imekwisha, na hapo saa zinapotea. Ndani ya nchi za Umoja wa Ulaya namba ya dharura ni 112. Pasipoti, fedha na simu viwe kwenye mkoba wa usukani unaochomoka, uingie nao kila dukani na chooni.

Kama unaingia eneo la Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao) kama mgeni, hesabu ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na siku za kupumzika na za mvua zinahesabika. Mpango uache nafasi. Na wiki moja kabla ya kurudi, piga simu kwenye duka la baiskeli la mji utakaoondokea, waombe wakuwekee boksi. Tepu pana utaipata popote, ila vile vizuizi vya foko na pedi ulivyokuja navyo visitupwe. Vinakaa chini ya begi hata bila kuhisiwa.